Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Iyunga, Mbeya
12 Machi 1956

Mpwa wangu Tusajigwe,

Ndaga. Asante, barua yako imenikuta kazini, na kazi yangu unaijua: mimi ndiye ninayeishika Barabara Kuu. Wazungu wana ramani zao na makatapila yao, lakini barabara hii kutoka Rhodesia mpaka huko kwenu Iringa inamjua mtu mmoja tu. Nikilala siku mbili, malori yanasimama Tunduma na madereva wanaulizana, "Anania yuko wapi?" Juzi Bwana Mkubwa mmoja ameshuka kwenye gari lake hapa Iyunga, akanikuta na koleo langu, akanipa mkono. Nasema mkono, si amri. Wenzangu wanane niliokuwa nao kwenye shimo la barabara wameona kwa macho yao, ingawa midomo yao inasema alikuwa anaomba avushwe tope.

Haya. Unasema umeanguka kwenye usaili wa kusomea uuguzi kwa sababu ya Kiingereza. Unasema maneno makubwa unayo, bandeji unaijua, thamometa unaijua, ila vineno vidogo vinakupita masikioni kama mbu. Na unasema Sista amewaambia mtu hupewa nafasi mbili tu; ya pili ni mwanzo wa Julai, na ukianguka tena utabaki na fagio la wodi mpaka uote mvi. Hapo nimesoma mara mbili. Halafu nikacheka. Mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea kwa mikono hii, aanguke kwa Kiingereza na mjomba wake ni mimi?

Wewe ulikuwa mdogo, hukujua nilichofanya Burma. Jenerali wetu alikuwa na wakalimani sita, wote wana vyeti. Siku mvua ilipokatika na Wajapani wako ng'ambo ya mto, aliwatazama wote sita akasema, "Niitieni yule Mnyakyusa wa nyumbu wa mizigo." Nilikwenda. Tukaongea saa nzima. Vita vikaisha mwaka uliofuata. Sisemi zaidi.

Sasa shika somo. Sisi tunasema "niletee." Neno moja, limekwisha, mtu anainuka analeta. Mzungu hawezi hivyo. Mzungu analichinja lile neno kama kuku na kupanga vipande mezani: "Bring it to me." "Bring" ni kitendo, ndicho kidari, kitafute kwanza. "It" ni kile kitu chenyewe. "Me" ni mimi, mwenye kula. Na hako "to" katikati ni mfupa wa shingo: nyama hauna, lakini ukitoka, kichwa na mwili havijuani. Basi Sista akisema mbiombio usiogope. Mwache amalize kuchinja. Halafu jiulize moyoni: kitendo gani? Kitu gani au nani? Kwa nani, au wapi?

Jambo jingine. Mzungu hawezi kumtaja mtu mpaka ajue kwanza ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema "amekuja" na ugali unapakuliwa. Wao lazima "he" au "she," na akishageuka nyuma wanambadilisha tena, "him," "her." Kwa nini wana haraka hivyo na mambo ya watu, sijui. Lakini ndiyo lugha yao, wameizaa wenyewe.

Kaza moyo. Kila barua nitakuletea somo.

Mjomba wako,
Anania Mwakisole
Mshika Barabara


Mlandege, Iringa
26 Machi 1956

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu. Hapa Iringa asubuhi mtu akisema unaona maneno yake yanatoka kama moshi.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya mwenye nyumba wangu, Bi Mwanakhamisi, yule mama wa vitumbua niliyekutajia, maana yeye hakusoma lakini anapenda barua za watu. Nilipofika kwenye kuku alicheka mpaka kitumbua kikaungua. Akasema, "Mjomba wako kuchinja anajua. Tumwombe Mungu awe anajua na kupika."

Mjomba, somo limeniingia. Jana Sista amemwambia mwenzangu, "Give it to him," nikajikuta nakata vipande mwenyewe: kitendo, kitu, shingo, mtu. Nikaelewa kabla ya mwenzangu. Nilifurahi hata nikasahau ndoo.

Lakini naomba ujue usaili wenyewe ulivyo, ili unisaidie vizuri. Wanakuingiza peke yako kwenye chumba. Kuna kitanda, meza, kabati, beseni, kikombe, na mgonjwa mmoja au wawili. Sista anaamuru kwa Kiingereza, wewe unatenda. Hakuna kuandika. Mara ile ya kwanza aliponiambia niweke beseni mahali fulani, nilisimama katikati ya chumba kama nguzo ya simu mpaka akaninyang'anya. Tulio kwenye orodha ni kumi na wanane, nafasi ni nne. Mimi sitaki kurudi kwenye fagio, Mjomba. Usiku wa kuamkia kifo cha mama hakuna mtu nyumbani aliyejua hata kumgeuza ubavu. Ninataka kujua.

Kwa hiyo naomba somo la yale maneno ya mahali. Juu, chini, ndani, kando. Hayo ndiyo yaliyoniangusha.

Wasalimie mkaza mjomba na wifi Marta.

Ni mimi mtoto wako,
Tusajigwe


Iyunga, Mbeya
9 Aprili 1956

Mpwa wangu,

Maneno ya mahali umeomba, maneno ya mahali umepata. Na usidhani nimeyaokota njiani. Nimefanya uchunguzi. Alhamisi mbili mfululizo, saa tisa alasiri, nimeacha barabara ijiangalie yenyewe nikakaa kuchunguza Kiingereza kinavyokwenda kikiwa hai. Mwalimu Ezekia wa darasa la watu wazima pale kanisani ananiheshimu sana kwa jambo hili. Tukikutana njiani anavua kofia.

Uchunguzi unasema hivi. Mwalimu anashika kikombe cha bati. Anasema, "I put it on the table." Kimya. Hakilii kitu. Anasema, "I put it under the table." Kishindo: ko! Amerudia mara saba, na mara saba nimehesabu. Sasa tumia akili. Mbao hulia, udongo haulii. Kwa hiyo "under" ni juu ya meza, na "on" ni chini, sakafuni. Yeyote atakayekuambia vingine muulize amechunguza mara ngapi.

Kariri. Andika kwenye kiganja.

"I" ni mimi na hukaa mbele siku zote, herufi kubwa hata katikati ya maneno. Angalia watu hawa: "wewe" wanaandika kwa herufi ndogo, "yeye" ndogo, hata mfalme akiwa "yeye" ni ndogo. Lakini "mimi" ni kubwa. Hapo nimewapenda.

Abrahamu, yule fundi cherehani jirani, anasema eti sijui Kiingereza ila "left, right, about turn." Nimemjibu kwamba ukijua hayo matatu unafika popote duniani.

Mjomba wako,
Anania Mwakisole
Mshika Barabara na Mchunguzi


Mlandege, Iringa
23 Aprili 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika kwa unyenyekevu, usikasirike.

Jumatatu Sista alinipa mashuka yaliyofuliwa akasema, "Put them on the bed." Nikakumbuka kiganja changu. Nikainama nikayapanga vizuri sakafuni, mvunguni. Alinitazama tu. Nikadhani amefurahi. Halafu akanipa beseni, lile la haja, Mjomba, na halikuwa tupu, akasema, "Put it under the bed." Nikaliinua nikaliweka kitandani, juu ya miguu ya mzee mmoja wa Madibira aliyelazwa na mguu uliovunjika. Yule mzee alisema, "Binti, mimi nimevunjika mguu, pua yangu nzima kabisa!" Wodi yote ilicheka. Sista hakucheka. Alidhani namdhihaki mbele ya wagonjwa. Amesema jina langu limebaki kwenye orodha kwa uzi mmoja, na nikifanya mzaha tena atalikata kabla ya Julai.

Sisemi umekosea. Huenda wakati wa kuandika maneno yalipishana. Au huenda meza za Burma zilikuwa za namna nyingine. Naomba tu uchunguze tena.

Na naomba uniambie, kama haikuudhi: hicho kikombe ulikiona kwa macho, au ulikisikia?

Mtoto wako,
Tusajigwe


Iyunga, Mbeya
30 Aprili 1956

Tusajigwe,

Nimepokea.

Huyo Sista wenu ametoka nchi gani? Wazungu ni wengi. Wengine Wajerumani, wengine Wagiriki, Kiingereza wamejifunzia melini. Muulize.

Unaniuliza niliona au nilisikia. Mtoto anamuuliza mjomba wake hivyo? Jenerali hakuniuliza.

Barabara ina mashimo mengi mwezi huu kwa sababu ya masika. Somo lifuatalo litachelewa.

A. Mwakisole


Iyunga, Mbeya
10 Mei 1956

Wifi yangu Tusajigwe,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa basi kama ulivyopanga, na nimeisoma bandani wakati mama mkwe yuko shambani kwenye pareto. Kwa yale mashuka na yule mzee wa beseni nimecheka peke yangu mpaka mbuzi wakaacha kula.

Umeniuliza mjomba wako anachota wapi Kiingereza. Nitakuambia, ila moto ule barua hii.

Unajua mume wangu Lutengano yuko migodini Rhodesia. Kabla hajaondoka aliniandikisha darasa la Mwalimu Ezekia, maana nilikomea darasa la sita na nilikuwa naanza kusahau. Mwezi wa pili yule mzee, unajua namsema nani, naye akajiandikisha. Siku ya kwanza amefika mlangoni na daftari jipya kwapani, akaniona kichwa kwa nyuma. Mimi mkamwana wake! Mila unaijua: tusionane uso, tusipite njia moja, tusikae chini ya paa moja, na jina lake mdomo wangu hauruhusiwi kulitaja. Nilijifunika kanga mpaka magotini nikangoja aniamuru nitoke. Angeweza. Neno moja tu kwa mama mkwe, na mimi ningebaki nyumbani mpaka leo.

Hakusema. Alizunguka nyuma ya kanisa akageuza debe, akakaa katikati ya maboga ya mchungaji, mgongo ukutani, chini ya dirisha. Tangu siku hiyo kila Alhamisi anakaa hapo. Akinisikia nakuja anakohoa mara mbili ili nijue yuko upande gani nipite upande mwingine. Mvua ikinyesha anajifunika gunia. Wanawake wenzangu wanadhani anachunga maboga.

Kwa hiyo ndiyo, wifi, anasikia, haoni. Na meza ya Mwalimu ina kitambaa kizito cha sufu alichopewa na wamisionari, kikombe kikiwekwa hakisikiki. Sakafu ya chumba chetu cha darasa ndiyo ya saruji, mpya ya mwaka jana. Ndiyo inayolia ko. Yeye angejuaje? Hajawahi kuingia chumba hicho tangu iwekwe.

Nakuchorea hapa chini meza na kikombe, nimeandika pembeni. "On" ni hapa. "Under" ni hapa. "In" ni ndani ya kabati. "Beside" ni kando. Jifunze kwa hizi picha, wala usimwambie.

Lakini hilo peke yake halinitoshi. Tangu barua yako ya beseni haji tena darasani. Alhamisi mbili debe liko tupu. Anatoka nyumbani na daftari, anakwenda kukaa barabarani kwenye rundo la kokoto mpaka jua linatua, anarudi anasema amechunguza. Mama mkwe anasema hali vizuri. Mimi siwezi kumwambia kitu, hata salamu siwezi. Nimefikiri habari ya mkeka. Nitajaribu.

Wifi yako,
Marta


Iyunga, Mbeya
4 Juni 1956

Mpwa wangu mpendwa Tusajigwe,

Ndaga fijo, asante sana! Habari ni kubwa, kaa chini kwanza.

Kanisa limekubali ombi langu. Sikuwahi kuliomba, lakini limelikubali. Mwalimu Ezekia amekuja mwenyewe mpaka kwenye kokoto zangu, akavua kofia, akasema, "Mzee Anania, darasa limepwaya bila wewe. Tumetundika mkeka." Nikamwambia nina kazi. Akasema, "Njoo uone tu." Nikaenda kuona tu.

Mpwa wangu, wametundika mkeka wa ukindu kutoka darini mpaka sakafuni, katikati ya chumba, kama kwenye baraza ya chifu! Upande mmoja akina mama na mlango wao. Upande wa pili mimi na wazee wawili walionifuata, na mlango wetu. Meza iko mbele kabisa pale mkeka unapoishia, kila upande unaiona na upande hauoni upande. Mila iko palepale, haijachanika hata uzi, na mimi niko ndani ya darasa kwenye benchi. Nimekaa mbele.

Wanasema mkeka umesukwa na akina mama wa kwaya. Msuko wake naujua. Nyumbani kwangu ipo miwili ya mkono uleule.

Sasa nikupe habari ya muhimu kwa usaili. Nimepata taarifa kwamba London wamebadilisha maneno. "On" sasa ni juu, "under" sasa ni chini, mvunguni. Wamefanya hivyo mwaka huuhuu, ndiyo maana barua yangu ya Aprili ilitangulia mambo. Fuata amri mpya.

Na vile vineno vingine nimeviona kwa macho haya. "From" ni unakotoka, "to" ni unakokwenda. Mimi mtu wa barabara nimevielewa kabla Mwalimu hajafunga mdomo: "from Mbeya to Iringa." Ukivigeuza, basi linakupeleka nyuma. Alhamisi Mwalimu amechukua kikombe kwa mzee mwenzangu Timotheo, akapeleka mkono upande wa pili wa mkeka, akampa mwanamke mmoja, akasema, "I took it from him and I gave it to her." Unaona? Timotheo ni "him." Yule ambaye mimi simwoni ni "her." Neno moja fupi limekwenda limemfikia mtu bila kumtaja jina, bila kumwona uso, na heshima imebaki. Nimelirudia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa nikisema Wazungu hawana adabu. Katika hilo wanayo.

Katika vipande vyote, mpwa wangu, tafuta kwanza kitendo. Ukikijua kitendo mikono yako itaanza kwenda, na vile vidogo vitakuonyesha njia. Siku ya usaili mimi nitasimama barabarani nimeelekea Iringa. Malori yatanizunguka.

Mjomba wako,
Anania Mwakisole
Mshika Barabara, Benchi la Mbele


Mlandege, Iringa
8 Julai 1956

Wifi Marta,

Nimepita! Wanne tumechaguliwa, mimi ni wa tatu.

Nitakusimulia. Niliingia chumbani peke yangu. Sista na daktari mmoja wa kiume wamekaa. Kitandani alilala mwanamke, kwenye kiti alikaa mzee. Amri ya kwanza ilikuwa mashuka. "On the bed." Sista aliniangalia kwa jicho lile la Aprili. Nikayaweka kitandani. Ya pili beseni, "under." Nikaona picha yako na kile kikombe ulichochora kama chungu cha pombe, nikaliweka mvunguni. Sista akashusha mabega.

Halafu akasema moja ndefu, haraka, sikusikia hata mwanzo wake. Nikasimama. Nguzo ya simu tena. Nikamwona kabisa Mjomba na kisu chake na kuku. Nikasema, "Again, please," akarudia, nikamwacha amalize kuchinja. "Take the cup from him, give it to her, and come back to me." Kitendo, chukua. Kwa nani, "him," yule mzee. Kitendo, mpe. Nani, "her," yule mama. Kitendo, rudi. Kwa nani, kwake Sista. Wifi, mikono ilienda yenyewe. Mama yule alikuwa hawezi kuinuka, nikamwinua kichwa ndipo nikamnywesha. Hilo hakuna aliyeniamuru. Niliona Sista anaandika.

Mwisho akaniambia nieleze nilichofanya. Nikaeleza vizuri, nikaharibu mwishoni: daktari nimemwita "she." Yeye ndiye aliyecheka zaidi, na ana ndevu mpaka hapa. Bi Mwanakhamisi nilipomwambia amesema, "Na kupika kumbe anajua, huyo mjomba." Ametoa vitumbua sahani nzima bila kunidai.

Sasa nina jambo. Mjomba nimemwandikia barua yake peke yake, ataipata kwa posta. Nimeiandika kwa Kiingereza yote, kurasa mbili. Nimekaa nayo siku tatu na kamusi ya Sista. Nilitaka apate barua ya Kiingereza yenye jina lake juu, iliyotoka kwa mtoto wake. Hakuna mtu Iyunga aliyewahi kupata. Ataisoma mbele ya watu, unamjua, na Abrahamu atakuwepo. Nilipokwisha kuitia sandukuni ndipo nikaogopa.

Uwe karibu, wifi. Sijui utafanyaje na mila ilivyo. Lakini uwe karibu.

Wako,
Tusajigwe


Iyunga, Mbeya
23 Julai 1956

Mpwa wangu, Nesi Tusajigwe,

Ndaga, ndaga, ndaga. Barua yako imefika Ijumaa. Karani wa posta aliishika kwa mikono miwili. Jumamosi Iyunga yote ilikuwa inajua, kwa sababu nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wasiwe na habari mpaka Jumapili.

Jumapili baada ya ibada walijaa uwanjani kwangu. Wazee, akina mama wa kwaya, Mwalimu Ezekia, wenzangu wanane wa koleo. Abrahamu amekuja na kiti chake mwenyewe akakiweka mbele, akasema, "Haya, Jenerali, soma tusikie." Nikavaa koti la Burma. Nikafungua ile karatasi polepole. Nikasoma.

Mpwa wangu, nilisoma! Mstari wa Kiingereza, halafu naufasiri, mstari, halafu naufasiri. Niliwaambia ulivyoingia chumbani, ulivyoweka mashuka, ulivyompa mama mgonjwa maji na kumwinua kichwa bila kuagizwa. Hapo akina mama walipiga vigelegele. Niliwaambia kwamba mlikuwa watu kumi na wanane, nafasi nne, na wewe wa tatu. Abrahamu akasema, "Kwa nini si wa kwanza?" Mchungaji akamwambia anyamaze. Nikafika pale daktari mwenye ndevu alipoitwa mwanamke, uwanja ulivunjika kwa kicheko, hata mke wangu, ambaye hajacheka tangu senene wa mwaka jana. Nilisoma karibu saa nzima. Mwalimu Ezekia alisema kurasa mbili hajawahi kuziona zinachukua saa nzima. Nikamwambia anayejua Kiingereza hakimbii.

Ukisikia watu wa huku wanasema chumbani mlikuwa na Gavana na umemtibu jino, usikatae. Palikuwa na pengo nikaliziba.

Wameondoka wananiita Mwalimu. Abrahamu amesahau kiti chake hapa. Nimemwona leo akimwambia mteja, "Mpwa wetu nesi." Wetu!

Nimekaa nacho hicho kiti siku nzima nikifikiri kama nikuandikie haya. Ninakuandikia, ila yabaki kwako.

Barua yako ilipofika Ijumaa niliifungua peke yangu nyuma ya zizi. Nikatafuta kitendo, kama ninavyofundisha. Nikakata vipande. Vipande vilikuwa vingi mno, mpwa wangu, na kuku alikuwa mkubwa. Nikampa mke wangu barua, nikasema aiweke jikoni isipate unyevu. Ililala jikoni siku mbili. Nani anapika jikoni kwangu unajua.

Jumapili niliposimama kusoma, nyuma ya ukuta wa matete wa jikoni pakaanza sauti. Mtu anaongea na kuku. "Ninyi kuku, sikieni, Tusajigwe aliingia chumbani peke yake. Ninyi kuku, aliambiwa aweke mashuka." Polepole, anangoja nimalize. Sauti ile hainisemeshi mimi, inasemesha kuku, mila haina la kudai. Abrahamu akauliza, "Mbona mkweo leo ana maneno mengi na kuku?" Nikamwambia kuku wangu wamezoea kuelezwa mambo. Pale kwenye Gavana ni kwamba kuku walikimbia kweli, na yeye akaenda kuwarudisha.

Na palikuwa na mahali sauti ilikuwa ikikatika. Anasema, "Haya yote amefundishwa na," halafu kimya. Anaruka, anaendelea, "alipokwama alimkumbuka," kimya tena. Mwanzoni nilidhani amesahau. Halafu nikaelewa: amefika kwenye jina langu, na jina langu halitaji. Nikawa nayangoja yale makimya. Yalikuwa manane. Watu walidhani napumzika.

Basi ndiyo hivyo. Katika ile barua yako ya Kiingereza, kurasa mbili, siku tatu na kamusi, mimi kwa macho yangu mwenyewe nimeelewa jina langu na "to me." Naomba uiandike tena kwa Kiswahili, uitume kwa dereva wa basi, nami niisome.

Mjomba wako,
Anania